Usikivu Usio Sawa Kwenye Redio ya Kale ya Mawimbi Mafupi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwenye redio ya vali, au ya transista za mwanzo, ambayo inawaka na kutoa sauti lakini inasikia kwa upendeleo: bendi moja inafurika stesheni na nyingine kimya, au mwanzo wa daili una nguvu na mwisho wake umefifia. Jambo moja litajirudia kwenye majibu mengi: usiguse skrubu ya koili yoyote kabla hujajua usikivu umepotea wapi na kwa kiasi gani. Redio nyingi nzuri zimeharibiwa na bisibisi kuliko umri.

Bendi moja inashika vizuri sana, nyingine haisikii kitu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye bendi inayofanya kazi, maana hiyo imeshakupa ushahidi mkubwa. Redio ya superheti huchukua stesheni, huichanganya na mawimbi ya osileta yake yenyewe (saketi inayozalisha mawimbi ndani ya redio), na kupata masafa mamoja yasiyobadilika, yaani masafa ya kati, IF kama yanavyoandikwa kwenye michoro. Kwa redio nyingi za Marekani IF ni 455 kHz, na kwa nyingi za Uingereza na Ulaya ni 465 au 470. Kuanzia hapo hadi kwenye spika njia ni ileile kwa bendi zote.

Kwa hiyo bendi ya 2 hadi 6 MHz ikisikika ipasavyo, achana na spika, hatua ya sauti, ditekta (inayotoa sauti ndani ya mawimbi) na hatua za IF. Hazina kosa. Tatizo liko mbele yake: koili za ile bendi mbovu, trima zake (kapasita ndogo za kurekebishia kwa bisibisi), swichi ya bendi, kapasita ya kutafutia stesheni, au vali inayochanganya pamoja na osileta yake.

Namna udhaifu unavyojitokeza ndiyo inayokuelekeza. Bendi nzima ikiwa dhaifu, shuku swichi au koili. Upande mmoja wa daili ukiwa dhaifu, shuku osileta au uoanishaji, yaani kulingana kwa saketi zinazozungushwa na kinobu kimoja. Kidoa kidogo kikifa katikati ya bendi, shuku koili isiyotumika au mabamba ya kapasita. Udhaifu ukizidi kadiri unavyopanda masafa, pima vali ya kuchanganya. Na bendi zote zikiwa dhaifu kwa kiwango kimoja, hilo ni tatizo jingine kabisa, tutalifikia kwenye kapasita na IF.

Nitajuaje kwamba ni redio na si anga?

Hili liulize kabla hujafungua sanduku. Mawimbi mafupi hufika mbali kwa kurudishwa chini na ionosifia, na ionosifia hubadilika kwa saa, kwa majira na kwa mzunguko wa jua wa takriban miaka 11. Usiku bendi ya mita 49, karibu na 6 MHz, hujaa stesheni huku mita 16 na mita 13, yaani 17 na 21 MHz, zikiwa kimya hata kwenye redio iliyotoka kiwandani jana. Mchana mambo hugeuka. Anayeijaribu redio yake usiku peke yake ataiona ina ugonjwa usiokuwapo.

Stesheni za kutangaza saa husaidia sana hapa. WWV ya Fort Collins, Marekani, iko hewani kwenye 2.5, 5, 10, 15 na 20 MHz, na BPM ya China iko kwenye 2.5, 5, 10 na 15 MHz. Zisikilize kwa zamu, mchana na usiku, ukilinganisha na redio nyingine iliyo nzima, kwa antena ileile na ndani ya dakika zilezile.

Jaribio la haraka zaidi halihitaji stesheni. Chomoa antena, ongeza sauti, sikiliza mvumo. Rudisha antena. Mvumo unapaswa kupanda waziwazi, kwa kuwa sasa redio inasikia kelele za anga na za vifaa vya umeme vilivyo jirani. Bendi ambayo haioneshi tofauti yoyote kati ya kuwa na antena na kutokuwa nayo ni bendi iliyoziba masikio. Juu ya 20 MHz, mahali penye utulivu, tofauti huwa ndogo kiasili, kwa hiyo huko usihukumu haraka.

Antena yenyewe inaweza kuleta usikivu usio sawa?

Inaweza, na mara nyingi ndiyo yenye lawama nusu. Waya wa mita 20 uliofungwa mwisho mmoja kwenye redio ni robo ya wimbi karibu na 3.75 MHz, ambapo ukinzani wake ni ohm makumi. Ukifika 7.5 MHz waya huohuo ni nusu ya wimbi, na ukinzani wake kwenye ncha unaruka hadi maelfu ya ohm. Redio haikutengenezwa kuoana na hali zote hizo. Ndiyo maana redio nyingi za mawasiliano zina kinobu cha trima ya antena usoni: kizungushe kila unapobadili bendi. Mvumo unapaswa kupanda hadi kilele kisha kushuka. Kinobu kikizungushwa bila mvumo kubadilika, saketi ya kwanza ya bendi hiyo haifanyi kazi.

Halafu pima koili ya kuingilia. Zima redio, chomoa antena, weka multimita kwenye ohm kati ya tundu la antena na la ardhi, kisha zungusha swichi bendi moja baada ya nyingine. Bendi za mawimbi mafupi husoma ohm chache tu, wakati mwingine chini ya ohm moja. Bendi ikisoma wazi kabisa wakati jirani zake zinasoma ohm chache, koili yake imekatika, na chanzo cha kawaida ni radi ya karibu au mtambo wa kurushia uliowashwa ubavuni. Koili hizo huwa na mizunguko michache. Hesabu mizunguko, pima unene wa waya, sukia upya kwa mwelekeo uleule.

Nipimeje usikivu ili nijue ukubwa wa tatizo?

Kwa jenereta ya signali na daftari. Kwa kila bendi chagua sehemu tatu: karibu na mwanzo, katikati, na karibu na mwisho. Ingiza signali kwenye tundu la antena kupitia rezista ya ohm 400 hivi, iliyozoeleka kwenye karatasi za mafundi kama antena ya bandia ya mawimbi mafupi. Modulesheni iwe asilimia 30. Chagua kipimo kimoja cha matokeo, kwa mfano volti fulani za AC kwenye spika, na usiguse kinobu cha sauti tena. Sasa kwenye kila sehemu punguza au ongeza jenereta mpaka spika isome volti zilezile, uandike mikrovolti ulizohitaji.

Sehemu inayohitaji mara mbili ya mikrovolti za nyingine imepungukiwa 6 dB, na inayohitaji mara kumi imepungukiwa 20 dB. Binafsi, tofauti ya 6 hadi 10 dB kati ya ncha mbili za bendi kwenye redio ya kale sihangaiki nayo. Saketi za zama zile hazikuwa laini kuliko hapo. Tofauti ya 20 dB ina sababu, na sababu hiyo inapatikana.

Mita ya S (ya nguvu ya signali) iliyo usoni usiitegemee kwa kazi hii. Kwa desturi S9 ni mikrovolti 50 na kila hatua ni 6 dB, lakini kwenye redio nyingi za kale mita hiyo inafuata tu volti za AVC (udhibiti wa nguvu unaojiendesha) na haikuwahi kusahihishwa kwa kila bendi.

Kama huna jenereta, kipimo cha kristali cha 100 kHz kilichomo kwenye baadhi ya redio kinafaa kwa sharti moja: mawimbi yake hudhoofika kadiri masafa yanavyopanda, kwa hiyo linganisha sehemu zilizo jirani tu, usilinganishe 4 MHz na 28 MHz.

Bendi ya juu inasikika upande mmoja wa daili, kisha ghafla kimya kabisa. Kwa nini ghafla?

Neno lako "ghafla" ndilo jibu. Saketi iliyopotoka hufifia taratibu. Kinachokatika ghafla ni osileta iliyoacha kutetema, na ikiacha hakuna IF inayozaliwa, hivyo hakuna kitu cha kusikika.

Mara nyingi hukatika kwenye mwisho wa chini wa bendi ya juu kabisa, pale mabamba ya kapasita yalipofungika. Hapo kapasiti ni kubwa na koili ni ndogo, hivyo saketi ya osileta inadai nguvu zaidi kutoka kwa vali. Vali iliyochoka huweza bendi za chini bila shida na kushindwa hapo. Wenye Zenith Trans-Oceanic za G500, H500 na mfululizo wa 600 wanaijua hali hii kupitia vali ya 1L6, ambayo nyuzi yake ni laini na mbadala wake ni adimu.

Kuhakikisha, pima volti hasi kwenye gridi ya osileta (sehemu ya vali inayodhibiti mkondo). Tumia mita ya dijitali na uunge rezista ya megaohm 1 kwenye ncha ya waya wake wa kupimia, la sivyo mita yenyewe itaizima osileta. Vali kama 6SA7, kwa mujibu wa karatasi yake, hufanya kazi kwa miliampea 0.5 kupitia rezista ya gridi ya ohm 20,000, yaani karibu volti 10 hasi. Kwa redio yako namba inaweza kuwa ndogo zaidi, hata volti 5, na bado ikawa sawa. Unachotafuta ni mwenendo: zungusha daili polepole kutoka ncha hadi ncha ukiitazama mita. Volti zikipanda na kushuka kwa utulivu, osileta ni nzima. Zikiporomoka hadi karibu na sifuri palepale stesheni zinapopotea, umeipata.

Njia isiyo na mita: weka redio nyingine ya mawimbi mafupi karibu. Redio mbovu ikiwa kwenye 9.500 MHz na IF yake ni 455 kHz, osileta yake inapaswa kusikika kwenye 9.955 MHz kama wimbi tupu, yaani mvumo wa redio ya pili unanyamazishwa mahali hapo. Zungusha zote mbili kwa pamoja uone wimbi linapotoweka.

Kabla ya kununua vali mpya, pima volti za anodi na skrini. Rezista ya kaboni inayolisha skrini hupanda thamani kwa miaka. Ya ohm 22,000 kukutwa na 35,000 haishangazi. Volti zikishuka, vali nzima kabisa itafanya kama iliyochoka.

Nikitikisa kinobu cha bendi, sauti inarudi. Inatosha kuitikisa?

Inatosha kukuthibitishia tatizo ni nini. Vigusio vya swichi vina utando mweusi, na ohm chache za utando huo ambazo hazisumbui bendi ya MW (mawimbi ya kati) zinaua koili ya 20 MHz, kwa kuwa koili hiyo ina mizunguko michache na kila ohm inayoongezwa inapunguza ubora wake.

Tumia kisafishaji cha vigusio, lakini kwa tone dogo kwenye kijiti cha pamba, kigusio kimoja kimoja, kisha zungusha swichi mara nyingi na ukaushe. Usiipulizie dawa swichi nzima. Sahani za swichi za kale ni karatasi iliyoshindiliwa kwa gundi, na hunywa mafuta. Zikishanywa, zinavujisha umeme kati ya kigusio na kigusio, na utakuwa umebadilisha tatizo dogo linalosafishika kwa kubwa lisilosafishika. Msasa usiutumie kamwe; unaondoa fedha iliyopakwa juu ya vigusio.

Mwenye redio ya koili za kuchomeka, kama National HRO ya 1935 na ndugu zake, hana swichi ya bendi, ila ana safu ya vigusio kwenye kila seti ya koili. Seti moja ikiwa dhaifu na nyingine nzima, safisha hivyo kwanza.

Kuna sehemu moja ndogo ya bendi ambapo kila kitu kinazama, kisha kinarudi. Ni nini?

Hii ndiyo hitilafu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaonekana kama uchawi na ina sababu safi kabisa. Koili za bendi zisizotumika bado zimo ndani, bega kwa bega na koili inayofanya kazi. Koili ya bendi ya chini, pamoja na kapasiti yake yenyewe, inaweza kuwa na mlio wake wa asili ndani ya bendi unayosikiliza. Daili ikifika hapo, koili hiyo tulivu inanyonya nguvu ya jirani yake. Watengenezaji walilijua hilo, na kwenye redio nyingi swichi ya bendi ina vigusio vya ziada vya kuifunga koili jirani kwenye ardhi. Vigusio hivyo vikichafuka, kufunga hakufanyiki, na kidoa kilichokufa kinajitokeza. Huonekana sana upande wa osileta: volti za gridi ya osileta zitabonyea mahali hapo hapo.

Uwezekano mwingine ni mabamba ya kapasita ya kutafutia stesheni yanayogusana. Utalitambua kwa mkwaruzo mkali kwenye spika na kwa kutokea mahali palepale pa mzunguko kwenye bendi zote, kwani kapasita ni moja. Koili inayonyonya hukaa kwenye bendi moja. Bamba lililopinda linyooshwe taratibu kwa karatasi ngumu au wembe butu, redio ikiwa imezimwa. Mabamba ya nje yaliyochanwa kama kitana yalikunjwa makusudi kiwandani ili kuoanisha daili, hayo usiyanyooshe.

Ukiwa hapo, safisha na vile visahani vya springi vinavyogusa mhimili wa kapasita. Uchafu wao hufanya stesheni zirukeruke na bendi za juu zidhoofike, na ni kazi ya muda mfupi.

Daili inasoma sawa, osileta ni nzima, lakini mwisho mmoja wa bendi ni dhaifu. Nini kimebaki?

Uoanishaji wa saketi ya antena na ile ya kuongeza nguvu, kama ipo. Kwenye kinobu kimoja kuna saketi mbili au tatu zinazozunguka pamoja, na osileta inapaswa kubaki mbele ya nyingine kwa 455 kHz mwanzo hadi mwisho. Hilo haliwezekani kwa ukamilifu. Huoana kwenye sehemu mbili au tatu na kukosana kidogo katikati. Trima ikihama au kiini cha koili kikisogea, mwisho mmoja unaachwa.

Kuna kifaa kidogo kinachoeleza yote bila kugusa skrubu: kijiti cha plastiki chenye kipande cha feraiti ncha moja na kipande cha shaba nyeupe ncha ya pili. Weka redio kwenye stesheni au signali dhaifu pale ilipo dhaifu. Ingiza ncha ya feraiti karibu na koili ya antena ya bendi hiyo. Sauti ikipanda, saketi inahitaji zaidi: kiini kiingie ndani au trima ifungwe. Ikipanda kwa ncha ya shaba, inahitaji pungufu. Ikishuka kwa ncha zote mbili, saketi iko mahali pake, iache. Fanya hivyo kwenye mwanzo, katikati na mwisho wa bendi, uandike. Feraiti mwanzoni na shaba mwishoni maana yake saketi inahitaji marekebisho ya pande zote mbili, kiini na trima.

Basi nikioanisha, nifuate mpangilio gani?

IF kwanza, osileta pili, saketi za antena mwisho. Ukianza mwisho, utarudia yote.

Kwenye osileta na saketi za antena, kanuni ni ileile: mwanzo wa bendi, kwenye masafa ya chini, rekebisha kiini cha koili au kapasita ya pada, mwisho wa bendi, kwenye masafa ya juu, rekebisha trima. Moja huathiri nyingine, kwa hiyo rudi na kurudi mpaka pasiwe na cha kurekebisha. Karatasi ya fundi ya redio yako itakutajia masafa yenyewe ya kila sehemu, na redio mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na masafa tofauti, hivyo usiazime ya nyingine.

Signali iwe dhaifu kadiri unavyoweza kuisikia. Signali kubwa huamsha AVC, ambayo kazi yake ni kupunguza nguvu stesheni ikizidi, na AVC itakificha kilele unachokitafuta. Tumia bisibisi ya plastiki inayolingana na tundu la kiini. Viini vya kale hupasuka. Kisipozunguka kwa nguvu ndogo, kipashe joto kidogo ili nta ilegee, na kama bado kinagoma, kiache. Kabla hujazungusha chochote, weka alama ya rangi mahali kilipokuwa.

Nikizungusha trima ya osileta napata vilele viwili. Kipi cha kweli?

Hapa ndipo bendi za juu huharibiwa, hata na mafundi waangalifu. Kwenye 18 MHz, osileta ya 18.455 inazaa IF ya 455 kHz. Osileta ya 17.545 nayo inazaa 455 kHz ileile. Zote mbili zinasikika. Redio nyingi hutaka osileta iwe juu ya stesheni, kwa hiyo kilele cha kweli ni kile chenye trima iliyofunguka zaidi. Ukichagua cha pili, stesheni itasikika mahali pake kwenye daili, lakini saketi ya antena haitaoana na osileta kwenye bendi nzima, na matokeo yake ni ule usikivu uliozama upande mmoja. Kwenye trima ya antena ni kinyume: vilele vikiwa viwili, chagua kile cha trima iliyofungika zaidi.

Hakikisha kwa stesheni kivuli, yaani stesheni inayojirudia mahali pasipo pake kwenye daili. Signali yenye nguvu ya 18 MHz, kwenye redio iliyooanishwa osileta juu, itasikika pia kwa udhaifu kwenye 17.090 ya daili, yaani 910 kHz chini. Ukiikuta juu, kwenye 18.910, osileta imekaa upande usio wake. Zipo redio chache ambazo kwenye bendi ya juu kabisa osileta iliwekwa chini kwa makusudi, kwa hiyo soma karatasi kabla ya kusahihisha.

Ni kapasita zipi nibadilishe?

Za karatasi na nta, zote, kama redio ni ya kabla ya miaka ya 1960. Sisemi hivyo kwa mazoea. Zinavujisha, na kila inayovujisha inavuta volti mahali fulani. Anza na ya skrini ya vali ya kuchanganya na za mstari wa AVC. Ya AVC, mara nyingi mikrofaradi 0.05 au 0.1, inalishwa na rezista ya megaohm moja au mbili, hivyo hata uvujaji mdogo unaondoa volti zote za AVC: stesheni kubwa zitakwaruza na utadhani redio ina usikivu mwingi kupita kiasi kwenye bendi moja.

Za maika kwenye saketi za koili ziache isipokuwa una ushahidi. Ukizibadilisha bila sababu unahamisha uoanishaji wote. Na zile za karatasi badilisha moja moja, ukijaribu redio baada ya kila moja.

IF inaweza kuhusika kweli?

Ikiwa bendi zote zimepungua sawasawa, ndiyo. Kwenye kopo za IF (makopo ya bati yenye koili za IF) ambazo kapasita zake ni karatasi ya maika iliyobanwa kwenye kitako, fedha huhama polepole kutoka upande wenye volti za juu kwenda upande wa gridi. Dalili yake ni mikwaruzo kama ya radi wakati antena imechomolewa, na kilele cha IF kisichopatikana. Kopo hufunguliwa, maika huondolewa, na kapasita mpya za thamani hiyohiyo huwekwa nje.

Yangu ni ya transista. Haya yote yananihusu?

Swichi, koili, uoanishaji na vilele viwili vinakuhusu sawasawa. Ongeza mawili. Transista za jamanium za AF114 hadi AF117, zilizotumika sana Ulaya miaka ya 1960, huota ndani ya kopo nywele nyembamba mno za bati zinazounganisha kiungo na ganda. Pima kati ya mguu wa ganda na miguu mingine mitatu. Ukipata muunganiko, kukata mguu wa ganda mara nyingi hurudisha uhai, ingawa kuibadilisha ndiyo suluhisho la kudumu.

La pili ni redio zenye transista ya FET kwenye mlango wa antena ya fimbo. Waya mrefu wa nje huikusanyia umeme tuli na kuiua. Dalili ya kawaida: mawimbi mafupi kimya kwenye fimbo, MW nzima kabisa kupitia feraiti ya ndani.

Usikivu unapungua redio ikipata joto.

Gonga vali taratibu kwa penseli, kisha pasha sehemu moja moja kwa kikaushia nywele. Kinachobadilisha sauti ndicho kibovu. Mara nyingi ni vali au kiungo cha risasi kilichopasuka.

Ni salama kupima redio ikiwa imewaka?

Ndani ya redio ya vali kuna volti 250 au zaidi, na kapasita za kuchuja hubaki na chaji baada ya kuzima. Zimalize chaji kwa rezista kabla ya kuingiza mkono. Redio zisizo na transfoma ya umeme, na Hallicrafters S-38 ya 1946 ni mojawapo, chasi yake inaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja. Ziunge kupitia transfoma ya kutenganisha, na usiunge ardhi wala vifaa vya kupimia bila hiyo. Ukipima, mkono mmoja ukae mfukoni.

Nimefanya yote na 20 MHz bado ni dhaifu kuliko 5 MHz. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote. Kwa mfano, ile S-38 haina hatua ya kuongeza nguvu kabla ya kuchanganya. Signali inatoka kwenye antena inaingia moja kwa moja kwenye vali ya kuchanganya, ambayo ina kelele nyingi. Juu ya 15 MHz, pale kelele za anga zinapopungua, kelele za vali hiyo ndizo zinazotawala, na stesheni kivuli zinapita bila kizuizi. Hammarlund HQ-129-X ina hatua moja mbele, RCA AR-88 ina mbili, na unaisikia tofauti hiyo kabla hujaipima.

Rudi kwenye daftari. Ikiwa kupungua ni kwa utaratibu kutoka bendi hadi bendi, bila shimo wala mkatiko, na mvumo bado unapanda ukichomeka antena, redio imefika pale mtengenezaji alipoifikisha. Kinachoongeza usikivu baada ya hapo ni saketi moja ya ziada nje ya sanduku, yenye koili na kapasita yake ya kuzungusha, iliyowekwa kati ya antena na redio, ikiwa na transista au vali moja tulivu. Iwekewe kinga ya dayodi mbili zilizogeukiana kwenye mlango wake, na swichi ya kuipita kwa bendi za chini, ambako haihitajiki.